Mgonjwa wa Nyuma ya Pazia

Ukitaka kumjua mtu usimtazame usoni, fua nguo zake. Hayo ni maneno ya Bi Pasi, na aliyasema bila kucheka, kwa maana alifua mashuka na makoti ya hospitali kuu tangu usichana wake hadi siku alipopewa saa ya ukutani na hotuba ndefu na kuambiwa akapumzike. Dobi wa hospitali haambiwi kitu, lakini hakuna asichokijua. Alijua daktari yupi hulala zamuni kwa mikunjo ya koti lake. Alijua muuguzi yupi ana mimba kabla mwenye mimba hajamwambia mumewe. Mifukoni alikuta pete, picha za wapenzi, mifupa ya kuku, na siku moja jino la mtu mzima. Kila alichokikuta alikirudisha kwa mwenyewe kimyakimya, na kila alipokirudisha alijipatia adui, kwa sababu hakuna anayempenda mtu aliyeona kilichomo mfukoni mwake.

Kazi hiyo ilimfunza kutomwamini mtu. Muuza nyama akimpimia, alichukua furushi akalipima tena kwa mkono hapohapo dukani, macho yake yakiwa kwa muuza nyama. Akisalimiwa kwa uchangamfu uliozidi alijiuliza anaombwa nini. Mumewe, seremala mpole aliyekuwa na vumbi la mbao hadi kwenye nyusi, alizoea kusema kwamba siku malaika atakapokuja kumchukua mke wake itabidi aonyeshe kitambulisho kwanza. Duniani Bi Pasi alimwamini mtu mmoja tu, naye ni huyo seremala, na huyo naye jioni moja alikwenda kuoga akaanguka bafuni, asiinuke tena.

Mazishini Bi Pasi hakulia. Watu walimsifu: mama jasiri, amejikaza kisabuni. Walichokiita ujasiri kilianza kuonekana sura yake ya kweli miezi iliyofuata. Mwanamke aliyekuwa akipiga pasi mpaka taulo na vitambaa vya jikoni sasa alivaa gauni lile lile lenye mikunjo na kuketi ukingoni mwa kitanda, kikombe cha chai mkononi, mpaka chai inafanya utando. Usingizi ulimkimbia kila siku kabla ya jua kuchomoza. Chakula alikitafuna kwa sababu meno yapo. Watu wakicheka sebuleni alibana kikohozi chake, maana alijua wakimsikia watanyamaza, na ile huruma yao ilimchosha kuliko kelele. Alfajiri, peke yake, aliuambia ukuta yote hayo kwa sauti ya chini, na kwamba amechoka kuamka.

Usidhani hakwenda hospitali. Alikwenda. Alilalamikia miguu, akapewa dawa ya kuchua. Alilalamikia kifua, akapimwa moyo, wakamwongezea kidonge cha presha. Safari ya mwisho alimwambia daktari kijana kwamba halali na chakula hakina ladha, na yule kijana, bila kuinua uso, akamjibu, "Bibi, huo ni uzee tu," akamwandikia vitamini. Bi Pasi alizinywa zile vitamini zote kwa utiifu na uzee haukupungua hata kidogo. Walimpima kila kiungo, na hapana hata mmoja aliyemwuliza kama bado anataka kuishi. Mimi nikikumbuka hilo huwa nakasirika, ingawa yeye hakukasirika. Aliona ni haki yao kumchoka.

Aliyeuliza ni mwanawe. Bi Pasi alikuwa na mtoto mmoja, mpaka rangi, mwanaume mrefu mwenye kucha zisizotakata, aliyeishi na mkewe katika nyumba hiyo hiyo ya mama yake. Jioni moja aliingia chumbani kwake akaketi sakafuni, jambo ambalo hakulifanya tangu aote ndevu. Bi Pasi akajua hapo pana neno.

"Mama," alisema, "pale hospitali siku hizi kuna kliniki. Kuna muuguzi anayewaona watu walioelemewa. Anaongea nao, anawapa na dawa. Twende nikupeleke."

"Kliniki ya nini?"

"Ya... ya mawazo, mama."

"Sema ya wazimu. Usinizungushe."

"Hakuna aliyesema wazimu."

"Nimefua mashuka ya wodi ya nyuma mpaka mgongo ukapinda," Bi Pasi alisema. "Yalikuwa yanakuja yamepigwa mafundo kwenye ncha. Nayafungua mafundo kwanza ndipo niyaloweke. Sikuuliza nani kamfunga nani, lakini mikono hii ndiyo iliyoyafungua. Leo mwanangu wa kumzaa anipeleke nikafungwe?"

"Mama, siku hizi hawafungi watu. Mambo yamebadilika."

"Wamebadilisha rangi ya ukuta. Wewe ni mpaka rangi, unalijua hilo kuliko mimi."

Mwanawe aliinuka akaenda zake. Hakubisha, na hapo ndipo Bi Pasi alipoanza kuingiwa na wasiwasi. Mwanawe alikuwa mbishi tangu utotoni, aliwahi kubishana naye mchana kutwa juu ya kiatu kipi ni cha kulia. Mbishi akinyamaza ghafla ujue ameona njia nyingine.

Haukupita muda, uji ukaanza kuletwa.

Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini, mwanawe aligonga mlango akiwa na kikombe cha uji. Asubuhi ya kwanza Bi Pasi alishukuru. Ya pili akashangaa. Ya tatu akaanza kuhesabu mambo. Kwanza, mwanaume huyu katika maisha yake hakuwahi kumpelekea mtu hata maji. Pili, aliupika mkewe. Tatu, alisimama pale mlangoni mpaka amalize, akijifanya anatazama dirisha kama linahitaji rangi. Na uji wenyewe ulikuwa mtamu kupita kiasi, sukari ya kumwaga, katika nyumba ambayo mkwe aliificha sukari kama dhahabu. Chini ya ule utamu ulimi ulikuta uchungu.

"Huu uji una nini?" aliuliza siku moja.

"Una maziwa, mama. Kunywa, umekonda."

Aliunywa kwa sababu alisimamiwa, na kwa sababu nyingine ambayo hakumwambia mtu, kwamba hata kama ndani yake mna kitu cha kummaliza, si vibaya sana. Lakini mashaka yalikuwa yamekwisha kumwamsha, na mashaka yana faida moja, yanampa mtu kazi ya kufanya. Alianza kusikiliza. Mkwe wake alikuwa msusi, akisukia wateja barazani, na sauti yake ilikuwa kubwa ya kushindana na magari. Sasa ilishuka kila Bi Pasi alipopita. Usiku kupitia ukutani alisikia minong'ono ya mume na mke, na neno moja likijirudia: "Akijua je?"

Akijua nini? Bi Pasi alimpelekea swali hilo jirani wa ukuta wa pili, mwanamke ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Taarifa, na ukishasikia jina hilo huhitaji kuelezwa zaidi.

"Shoga yangu," alisema Bi Taarifa, akivuta kiti karibu, "nyumba hii jina ni la nani?"

"La kwangu. Marehemu aliandika jina langu."

"Basi. Mtu akishaandikwa hospitalini kwamba akili zake hazimo, nyumba inasimamiwa na watoto. Sikuambii wanao ni wabaya. Nakuambia kikulacho ki nguoni mwako."

Bi Pasi alirudi nyumbani akalitoa sanduku la hati ya nyumba chini ya kitanda, akaliweka kitandani, upande aliokuwa akilala seremala, akalifunika shuka. Usiku alilala nalo. Aliwaza kwamba mwanawe hana ubaya, ni mtu wa kuelekezwa tu. Mwenye mpango ni yule binti wa watu, anayepika uji na kumtuma mume aupeleke. Alimchukia mkwe wake wiki ile kwa moyo wake wote. Na ajabu ni kwamba chuki ile aliisikia vizuri, moto kabisa, baada ya miezi mingi ya kutosikia chochote.

Mambo mengine nayo yakaanza kuja, na alitilia shaka hata hayo. Asubuhi moja alishtuka jua liko dirishani. Alikuwa amelala mpaka kumekucha. Akajiuliza wamemlevya na nini. Siku nyingine alikuta amemaliza wali wote na anakwangua sahani. Kisha Jumapili moja aliamka akaliona tenga la nguo chafu pembeni mwa uwanja, nguo za rangi zimechanganywa na nyeupe, kola zimekunjwa ndani, na likamkera. Lilimkera mno hata akashindwa kukaa. Alichukua beseni akaketi kwenye kigoda akaanza kufua. Mkwe alipotoka akamkuta ameloweka nguo za nyumba nzima.

"Mama, acha, nitafua mimi."

"Wewe kola unaifua kwa juu tu. Mumeo anatembea na shingo nyeusi watu wanafikiri hana mama."

Mkwe alisimama pale mlangoni ameziba mdomo kwa mkono, na Bi Pasi akadhani anamcheka. Akazidi kusugua.

Ni katika kufua huko ndipo mkono wake, kwa mazoea ya miaka, ulipoingia mfuko wa ndani wa koti la kazi la mwanawe, alilolitoa msumarini, kabla ya kulitia majini. Ukatoka na bahasha ndogo ya dawa. Juu yake pana muhuri wa hospitali kuu na jina la kliniki, ile ile ya mawazo, na siku ya kurudi. Jina la mgonjwa lilikuwa la mwanawe.

Aliisoma tena, kisha akaitazama dawa yenyewe, vidonge vidogo vyeupe, vingi vimekwisha tumika. Akatazama mlango. Halafu akafanya alivyofanya maisha yake yote: alikirudisha kitu mfukoni kwa mwenyewe, akaliacha koti lile bila kulifua, akalitundika pale pale lilipokuwa.

Siku zile zilizofuata zilikuwa ngumu kwake kuliko zote. Mwanangu mgonjwa, aliwaza. Alikuja kuniambia twende kliniki, kumbe alikuwa ananiomba nimsindikize, nami nikamwambia habari za mafundo. Alimtazama kwa jicho jipya. Akaona mashavu yamebonyea, akaona anavyokaa na simu bila kuitazama, akaona anavyosimama asubuhi dirishani na kikombe, na kila alichokiona kilithibitisha. Nani asiyeonekana mgonjwa akitazamwa hivyo? Na ile "akijua je" ikapata maana yake. Wanamficha. Mkwe naye, je? Amemsababishia ugonjwa au anamtunza? Hakuweza kukata shauri. Aliendelea kumtilia shaka kwa tahadhari.

Siku iliyoandikwa kwenye bahasha ilipofika, mwanawe alimletea uji kama kawaida akasema anawahi kazini, kuna ghorofa linangojewa. Viatu alivyovaa vilikuwa safi. Hakuna mpaka rangi anayekwenda kazini na viatu safi. Bi Pasi alimwacha atoke, akavaa gauni alilolipiga pasi usiku, akafunga chumba chake kwa kufuli akamfuata.

Hakuwa amepita lile lango tangu hotuba ya kustaafu, ila kwa mlango wa wagonjwa wa nje. Sasa ilibidi apite uwanja wa ndani, mlinzi akimwamkia kwa heshima, mpaka upande wa nyuma. Kila hatua aliitazama milango, akitafuta vitasa vinavyofungwa kwa nje. Alikuwa tayari kugeuka. Lakini mtoto wako akiwa ndani ya nyumba inayoungua huulizi moto umeanzia wapi. Alipiga moyo konde akaendelea, na alichokuwa anawaza si kujitibu wala kutibiwa. Alikuwa anakwenda kumtoa mwanawe kabla hajafungwa.

Kliniki ilikuwa katika chumba kimoja kirefu kilichogawanywa kwa mapazia. Kulikuwa na muuguzi mmoja tu, na siku moja tu kwa wiki, kwa mji wote ule. Watu walijaa benchi, wengi wao vijana, na Bi Pasi alitafuta wazee wenzake akamwona mmoja tu, mzee aliyeletwa na binti yake na kila mara akiuliza kama hapa ni kwa dawa ya macho. "Ndiyo, baba," binti alimjibu, "ya macho." Bi Pasi alimtazama yule binti kwa jicho kali hata akageuka pembeni.

Hakuona mafundo. Hakusikia mtu akipiga kelele. Hilo nalo alilitilia shaka, kwamba wamewanyamazisha kwa nini. Kisha, kutoka nyuma ya pazia, akaisikia sauti ya mwanawe.

Kuna watu wataniambia si adabu kusikiliza siri ya mtu na daktari wake. Kweli, si adabu. Alisogea mpaka mwisho wa benchi, sikio lake likawa karibu na kitambaa.

"Usingizi vipi?" muuguzi aliuliza. Sauti yake ilikuwa ya mama aliyechoka.

"Sasa afadhali. Mwanzo nilikuwa naamka kabla ya jua nakaa kitandani nangoja, sijui nangoja nini."

"Na yale mawazo ya kuchoka kuamka?"

"Bado yapo. Siyasikii kila siku kama zamani."

Bi Pasi alifumba macho. Alikuwa amesikia habari za magonjwa yanayotoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, kisukari, pumu, na sasa akaona wazi amemrithisha mwanawe jambo hili, tena bila kujua kwamba lina jina. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Alitamani kuingia amkumbatie pale pale mbele ya muuguzi.

"Watu wakicheka sebuleni," mwanawe aliendelea, "nabana kikohozi, maana wakinisikia watanyamaza."

Hapo Bi Pasi akafumbua macho. Nyumba ile mwanawe ndiye anayecheka sebuleni. Na hana kikohozi.

"Na hiyo nafuu unaionaje?" aliuliza muuguzi.

"Jumapili nimefua nguo za nyumba nzima."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Na jioni nikapiga pasi mpaka mapazia." Ndani ya sauti ile kulikuwa na furaha, furaha ya wazi kabisa. "Halafu nimeanza kugomba tena. Nimemgombeza mkwe wangu kwa sababu ya kola, mwenyewe alikimbilia jikoni akalia kwa furaha."

Karatasi zikasikika zikifunuliwa.

"Mkwe wako," alisema muuguzi. "Una mtoto aliyeoa? Hapa umri wako umeandikwa, mbona..."

Mwanaume yule hawezi kusuuza hata leso. Bi Pasi alibaki kwenye benchi mikono imelegea mapajani, na mambo yote yakajipanga mbele yake moja baada ya jingine bila yeye kuyapanga: sukari ya kumwaga, kusimama mlangoni, bahasha yenye jina lisilo la mgonjwa. Alikuwa sahihi. Tangu mwanzo, kwa kila jambo, alikuwa sahihi. Walimtilia kitu kwenye uji. Alikosea jambo moja tu, aliyekitia. Alipandwa na hasira mpaka masikio yakavuma. Na chini ya hasira palikuwa na jingine lililomvunja nguvu, kwamba yale maneno aliyouambia ukuta alfajiri, mtu alikuwa ameyasikia upande wa pili, akayashika neno kwa neno, akaja kuyasema hapa kama yake.

Alisimama akavuta pazia.

"Huyo unayemtibu haumwi," alimwambia muuguzi. "Mgonjwa ni mimi."

Mwanawe aligeuka kama mtoto aliyekutwa na mkono kwenye chungu. Muuguzi, mwanamke wa makamo mwenye miwani kichwani, alimtazama huyu, akamtazama yule, na uso wake ukabadilika pole pole.

"Umempa mama yako dawa niliyokuandikia wewe?" aliuliza. "Bila yeye kujua?"

"Kwenye uji," alisema Bi Pasi.

"Mama anatumia dawa nyingine yoyote?"

"Ya presha," mwanawe alijibu, na kwa namna alivyolijibu ilionekana hakuwa amewahi kulifikiria.

Muuguzi alimsema. Alimsema kwa sauti ya chini, ambayo ni mbaya kuliko ya juu: kwamba mtu wa umri wa mama yake huanzishiwa nusu ya kidonge, kwamba dawa ile na ile ya presha zingeweza kumwangusha akavunjika nyonga au kufa, kwamba mtu hapewi dawa kwa siri isipokuwa unataka asimwamini mtu tena maisha yake yote. Mwanawe alipokea yote kichwa chini.

"Nilikuja kukuomba," alisema mwishowe. "Mwanzo kabisa, kabla ya yote. Ukaniambia hutoi dawa kwa mtu usiyemwona. Na yeye hakukubali kuja. Nikasema basi, kama lazima uone mtu, unione mimi."

"Ungenishika mkono ukanivuta," alisema Bi Pasi.

"Ungekuja, mama?"

Asingekuja, na alilijua hilo. Alimtazama mwanawe, kucha zake, viatu vyake safi. Hakumsamehe. Nisitie chumvi hapa niseme walikumbatiana wakalia. Alijua kwamba kuanzia kesho hatakunywa kitu alichopika mwingine bila kukionja kwa ncha ya ulimi, na kwamba hilo halitaisha mwezi huu wala ujao. Mkwe naye atamngoja jikoni wasemezane.

"Toka nje," alimwambia.

"Mama, nisamehe."

"Toka nje, nimesema. Umeshanisemea vya kutosha. Na usikae hapo kwenye benchi, panasikika. Nenda mpaka getini."

Alitoka. Bi Pasi alingoja mpaka nyayo zikapotea uwanjani, kisha akachungulia nje ya pazia kuhakikisha. Yule mzee wa dawa ya macho alimpungia mkono. Alilivuta pazia likafungika, akalishika ncha ili lisiachie upenyo, ndipo akavuta kiti kilichokuwa cha mwanawe. Hakuketi mara moja.

"Mlango wenu unafungwa kwa ndani au kwa nje?" aliuliza.

"Hauna hata kufuli, mama. Tumeliomba tangu mwaka juzi."

Alilipima jibu hilo, akaketi.

"Yale aliyokwambia ni kweli?" muuguzi aliuliza.

"Ni kweli. Hakuongeza wala hakupunguza." Bi Pasi alilinyoosha gauni lake magotini. "Ila kuna moja hakukwambia, maana halijui. Hilo sikuuambia hata ukuta. Nilikuwa nimeshachagua siku."

Muuguzi hakushtuka, au kama alishtuka alijua kuficha. Alisogeza kiti chake kikakaribia.

"Siku yenyewe imepita?"

"Imepita."

"Na sasa, mama? Bado unataka kufa?"

Hilo ndilo swali ambalo daktari wa miguu hakuliuliza, wala wa kifua, wala yule kijana wa vitamini. Bi Pasi alilitafuta lina mtego gani. Alilitazama kwa mbele na kwa nyuma, akamtazama mwanamke aliyeliuliza, asione mfuko wowote uliofichwa ndani yake.

"Sijui," alisema. "Ningekuwa najua nisingekaa hapa."